Kutulia Hufunzwa

Neno "tulia" ni jepesi kulitamka na zito kulitii. Huambiwa mtoto anayelia, biharusi anayetetemeka, mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, na abiria aliyesimama gatini Malindi akiitazama boti ya Dar es Salaam kama mtu atazamaye kaburi. Wote huambiwa watulie, na hakuna anayeambiwa vipi. Nimesomesha walimu kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na lau mwanachuo wangu angeingia darasa la kwanza, akawakabili watoto wasiojua hata herufi moja, akawaambia "Someni!" kisha akatoka nje, nisingempa alama yoyote. Lakini kwa watu wazima wenye hofu ndivyo tufanyavyo sote, matabibu na masheikh, jamaa na majirani. Na tukishasema "tulia" huenda zetu tukiona kuwa tumesaidia.

Mimi nashikilia hivi, na atakayebisha na abishe: kutulia ni somo, kama hesabu au kuogelea. Lina hatua zake, mazoezi yake na mtihani wake. Hufunzwa vizuri zaidi kwa watu walio pamoja, na mwalimu wake si lazima awe daktari. Kwa hiyo mahali pake ni darasani, na wenye jukumu la kulifundisha ni sisi watu wa chaki. Kulifungia hospitalini ni kuwanyima walio wengi. Kuliuza ufukweni kwa dola ni jambo jingine tena, nami nitalifikia.

Tuelewane kwanza nani ninayemsema. Simsemi mtu aliyepotewa na akili. Namsema mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake, ambaye hofu imemfanya mfungwa. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa Darajani; jina lake silitaji. Meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba na imesheheni watu kupita kiasi chake, mama huyu alifiwa. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Tangu siku hizo mwili wake ukaanza kufanya mambo yake wenyewe. Yumo dukani anapima kitambaa, mara moyo waenda mbio, kifua chabana, vidole vyafa ganzi, ahisi roho inamtoka. Alikwenda kupimwa moyo na damu katika hospitali moja. Jawabu alilopewa lilikuwa la maneno mawili: "Huna kitu."

Maneno mawili hayo nayachukia kuliko matusi. Huna kitu! Mtu anaona roho inamtoka, nawe wamwambia hana kitu, kisha wamwita mgonjwa wa nyuma yake. Kitu anacho, tena kinaeleweka na mwanafunzi yeyote wa sayansi wa kidato cha pili. Mwili umepewa tahadhari: ukiona hatari hujiweka tayari kukimbia au kupigana. Moyo husukuma damu kwenye misuli ya miguu na mikono, mabega hupanda, taya hukaza, pumzi hukimbia. Ukimkimbia ng'ombe mwenye hasira, matayarisho hayo hutumika yakaisha. Lakini aliyekaa kwenye kiti dukani hana pa kuyatumia. Anapumua kama akimbiaye na huku amekaa, hewa ya ukaa inapungua mno katika damu, na kupungua huko ndiko kunakoleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na kile kifua kubana. Naye akizihisi dalili hizo anaogopa zaidi, akizidi kuogopa anapumua kwa kasi zaidi, na gurudumu linazunguka. Yote haya yangeelezwa kwa dakika tano na kalamu na karatasi. Mama yule hakuelezwa. Akaenda duka la dawa akauziwa vidonge vya kulalia, ambavyo mtu huvizoea upesi na kuviacha ni taabu. Akaenda kwa mganga akaambiwa ana pepo atakaye ngoma na mbuzi. Akanywa kombe. Mwisho wake jamaa zake wenyewe wakaanza kunong'ona kuwa imani yake ni ndogo.

Hili la imani ndilo linaloumiza zaidi, na kosa lake limejificha ndani ya neno. Sisi Waswahili hali hii twaiita wasiwasi, na wasiwasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya mnong'ono, ule mnong'ono wa shetani ambao Sura ya An-Nas imekuja kutufundisha kujikinga nao. Ndiyo maana mtu akisema "nina wasiwasi" msikilizaji husikia "shetani ananinong'oneza", na dawa inayomjia akilini ni moja tu. Sina ugomvi na dua. Mimi mwenyewe siku yangu haianzi bila dua. Ugomvi wangu ni na yule anayemuona mtu ametetemeka mikono akamuuliza habari za sala zake. Mbona akivunjika mguu hamuulizi? Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na nafsi, na humo alitenga hofu mbali, huzuni mbali, hasira mbali na wasiwasi mbali, kila kimoja na tiba yake. Aliona kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, wala asione kuwa kuugua huko ni ila katika dini. Alimshauri mtu mzima wa afya ajiwekee akiba ya fikra njema wakati ametulia, azitumie siku ya dhiki, kama nyumba iwekavyo dawa za huduma ya kwanza. Miaka elfu na zaidi imepita, na huku kwetu mgonjwa bado anahojiwa imani yake.

Sasa somo lenyewe. Daktari wa Chicago aliyeitwa Edmund Jacobson alitoa mwaka 1929 kitabu juu ya kulegeza mwili hatua kwa hatua. Alichokigundua ni jambo dogo lenye uzito mkubwa: watu wengi hawajui kwamba misuli yao imekaza. Mwambie mtu alegeze mabega atakujibu yamelegea, na huku yamegusa masikio. Basi humwambii alegeze kwanza, wamwambia akaze. Fumba konzi, kaza, uisikie ile taabu ya mkono, kisha achia kwa mara moja, uisikie tofauti. Halafu kipaji cha uso, taya, mabega, tumbo, vigimbi vya miguu. Njia ya Jacobson ilikuwa ndefu mno, yataka miezi; waliomfuata waliifupisha. Aliyenivutia mimi, kwa kuwa fikra zake ni za kimwalimu hasa, ni Lars-Göran Öst wa Sweden, aliyeieleza njia yake mwaka 1987. Huyu alitengeneza muhutasari wa masomo. Kwanza kukaza na kuachia. Wiki zifuatazo kuachia tu bila kukaza. Halafu kulifunga tendo hilo na neno moja la siri litamkwalo pamoja na kutoa pumzi, hata neno lenyewe liwe linaulegeza mwili. Halafu kulegeza ile misuli usiyoihitaji huku ukitembea au ukiandika, maana maisha hayapiti mtu amelala chali. Halafu kulegea kwa haraka, mara nyingi kwa siku, kwa alama; yeye aliwabandikia watu kidoti cha rangi kwenye saa ya mkono, kila wakikiona wanashusha mabega. Mwisho kabisa ndio mtihani: kwenda kule kunakoogopesha, kwa dakika chache, na kuitumia elimu yako pale hofu inapoanza tu kuchungulia, kabla haijaingia ukumbini. Shabaha yake ni mtu aweze kulegea kwa nusu dakika au chini ya hapo. Uingereza, katika miongozo yao ya matibabu ya mwaka 2011, imeiweka njia hii miongoni mwa tiba za kupewa mtu mwenye wasiwasi wa kudumu.

Na habari ya kundi? Wengi hudhani kufundisha watu pamoja ni njia ya maskini, kwamba tungekuwa na fedha kila mtu angepata daktari wake na kochi lake. Si kweli. Huko Boston, Joseph Pratt alianza mwaka 1905 kuwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu katika kile alichokiita darasa, na mwaka 1930 akafungua darasa jingine, safari hii kwa wale walioumwa na kila kiungo na vipimo visioneshe ugonjwa. Yaani wale wale wa "huna kitu"! Yalikuwapo majina ya kuitwa, taarifa za maendeleo, na mazoezi ya kulegeza mwili. Mtu anayeamini kuwa yeye peke yake duniani ndiye anayetetemeka, akiingia chumba chenye watu kumi na wawili akaona mikono kumi na miwili inatetemeka, nusu ya somo ameshaipata kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kwa wanaotaka ushahidi wa karibu, Uganda ipo. Katika kambi ya Rhino kulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, juu ya wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Wanawake 20 hadi 30 kwa kundi walikaa pamoja mara tano, saa mbili kila mara, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kupewa kitabu cha picha, juu ya namna ya kuishi na dhiki na fikra nzito. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari, walikuwa watu waliopewa mafunzo mafupi. Dhiki yao ilipungua kuliko ya vijiji ambavyo havikupata masomo hayo. Kule Nairobi, matokeo ya mwaka 2017 yalionesha vivyo hivyo kwa wanawake 421 waliofundishwa na wahudumu wa afya wa mitaani, ingawa hao walifundishwa mmoja mmoja, na kupumua taratibu ilikuwa sehemu ya somo. Na lile benchi la urafiki alilolianzisha Dixon Chibanda huko Harare mwaka 2006, ambapo bibi mzima wa mtaa hukaa na mtu mwenye mawazo mengi wakazungumza, limefika hadi Unguja. Nalipongeza. Lakini tazama hata wao: baada ya mazungumzo ya wawili, mtu hupelekwa kwenye duara la wenzake.

Hapa ndipo wananirukia wenzangu wa Mji Mkongwe. "Mwalimu," huniambia, "duara sisi tunalo tangu enzi za mababu. Linaitwa baraza." Jamani, mimi ni mtu wa baraza, kahawa yangu ya jioni siikosi. Ndiyo maana naijua. Nendeni Jaws Corner mkasikilize. Utasikia siasa, mpira, bei ya sukari, nani kauza nyumba kwa nani. Sijasikia hata siku moja mwanamume akikaa barazani akasema, "Jamani, jana usiku nilidhani nafa, kumbe ni hofu tu." Angesema hivyo angepewa jina la utani kabla kikombe hakijapoa, na lingemganda hadi kaburini. Mwenye hofu hufanya nini? Huacha kuja. Siku mbili tatu huulizwa, kisha nafasi yake hukaliwa na mwingine. (Na ile kahawa yenyewe, nyeusi kama lami, vikombe sita kwa mkao mmoja, ni adui wa moyo unaokwenda mbio, lakini hilo nikilisema nitafukuzwa.) Baraza ni zuri kwa aliye salama. Wanawake wana ngoma zao na somo wao, na wao kwa kweli wametushinda, kwani angalau mwari hufundishwa jambo kwa utaratibu na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Mwanamume amepewa jiwe la kukalia tu.

Wala kundi lenyewe si dawa. Nani kasahau mwaka 1995? Uvumi wa Popobawa ulianza Pemba katika mfungo wa Ramadhani, ukavuka bahari. Mitaa mizima ililala nje, watu wamejikusanya mbele ya nyumba zao, mioto imewashwa, wazee, watoto na wanawake pamoja. Kama kukusanyika peke yake kungekuwa tiba, basi Unguja yote ingeponywa kwa wiki moja. Kilichotokea ni kinyume. Kila usiku uliongeza visa vipya, kila kisa kilizaa walinzi wapya, kila paka aliyeruka bati alikuwa ushahidi. Hofu ilifundishwa, tena ilifundishwa kwa ufanisi ambao wizara yoyote ya elimu ingeuonea wivu. Na mtu mmoja asiye na hatia, ambaye akili yake haikuwa nzima, aliuawa na umati. Kundi huchukua lile linalotiwa ndani yake. Likitiwa visa litaogopa. Likitiwa somo, kwa mpango, kwa saa na kwa mwalimu, litajifunza. Ndiyo tofauti ya darasa na mkusanyiko.

Wapo pia wasemao jambo hili ni la Kihindi, au la wazungu wa Paje. Nawaelewa kwa nini wasema hivyo. Mtu akipita Paje, Jambiani au Nungwi huwaona wageni wametandika vigodoro mchangani wanafumba macho na kuvuta pumzi, na wamelipia kwa fedha za kigeni kufundishwa kupumua katika kisiwa chetu. Kijana wa kijiji anayewafagilia mchanga huo, ambaye huenda usiku halali kwa deni la pikipiki, hakaribishwi kukaa. Hilo ndilo la kuchukia, wala si kule kupumua. Konzi haina dini. Bega halina kabila. Tena sisi tunaotoka kwenye dhikri, tuliokaa katika duara tukavuta pumzi pamoja hadi chumba kizima kikawa kifua kimoja, twapaswa kuwa wa mwisho kushangaa kwamba pumzi na moyo vina ujirani. Dhikri ni ibada wala siishushi kuwa zoezi la misuli. Nasema tu kwamba mwili wa Mzanzibari si mgeni wa jambo hili.

Kuna kundi la tatu la wapinzani, nao ndio nisiowavumilia: wenye semina. Hawa hawapingi, wao hukubali kila kitu, kisha wakakiua kwa kukikubali. Mkiwaambia walimu wana msongo wa mawazo, watakodi ukumbi wa hoteli. Patakuwa na bango, mgeni rasmi, chai na sambusa, fulana, na posho. Nilihudhuria moja ya namna hiyo, iliyoandaliwa na taasisi ambayo siitaji. Kwa saa nne tulioneshwa ukutani madhara ya msongo, mstari baada ya mstari, juu ya viti vigumu, bila ya mtu yeyote kutuambia tushushe mabega. Nilitoka na maumivu ya shingo ambayo sikuingia nayo. Kisha tukapewa vyeti. Hebu fikiri mtu apewe cheti cha kuogelea kwa kuangalia picha za bahari! Somo hili halishikiki kwa siku moja, hata aje profesa. Ni la wiki nane, na kila siku mazoezi mara mbili nyumbani, robo saa kwa robo saa. Lisilofanyiwa mazoezi halipo.

Na vijana wa siasa nao wana neno lao, tena neno lenye maana: kwamba hofu ya watu wetu imetokana na ukali wa maisha, na ukimfundisha mwenye njaa kulegeza mwili umemfundisha kuridhika. Ningekubaliana nao kama mtu anayetetemeka angeweza kudai haki yake. Hawezi. Nimemuona mtu mwenye hati halali ya kiwanja akishindwa kufungua mdomo mbele ya karani, akatoka amekubali asichokikubali. Kumfundisha huyo kushusha pumzi kabla ya kuingia ofisini hakumfanyi mnyonge; unyonge alikuwa nao mlangoni.

Sasa tufanye nini? Nitaeleza tulivyofanya sisi, si kwa kuwa ni mfano wa kuigwa bali kwa kuwa ni rahisi mno hata mtu hawezi kusema hapakuwa na njia. Muuguzi mmoja mstaafu na mimi tulipanga wiki nane, kila Jumamosi asubuhi. Wanawake walikaa na yeye katika ukumbi wa nyumba yake, wanaume na mimi kwangu. Tulikuwa tisa kwa jumla, kila mmoja ameshapimwa na daktari kwanza, kwa sababu moyo kwenda mbio huweza kutokana na tezi ya shingo au upungufu wa damu, na mwalimu asijifanye daktari. Niliita majina kila siku. Watu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu aliyechelewa aliomba radhi. Kazi ya nyumbani iliandikwa kwenye daftari la mistari, na jirani wa kulia ndiye aliyeikagua. Kwa alama ya siku nzima tuliacha vidoti vya saa tukatumia kitu kisichopotea hapa kwetu: kila mtu akienda kutia udhu, kabla ya kugusa maji, ashushe mabega na atoe pumzi taratibu. Mara tano kwa siku, bila gharama.

Wawili waliacha. Mmoja kati ya hao alisema kulegea kulimtisha zaidi, na hilo linajulikana. Wapo ambao wakilegea ghafla huhisi kama wanaanguka. Mtu kama huyo asifumbe macho, akae kwenye kiti badala ya kulala mkekani, aanze na mikono tu. Tulimwambia hivyo, hakurudi. Katika waliobaki, wengine walipata usingizi, mwingine aliweza kusimama safu ya mbele msikitini badala ya kujibana mlangoni tayari kutoroka. Mama wa Darajani alikwenda gatini mara nne bila kupanda boti, wenzake wawili wakiwa naye. Mara ya tano alipanda. Mikono ilikuwa ya baridi hadi Chumbe, alisema, kisha akaanza kuhesabu mabegi ya watu. Hofu haikumtoka. Amejifunza kuifupisha, naye anakwenda kumuona mwanawe Dar es Salaam.

Siongezi chumvi. Anayesikia sauti, au anayetaka kujitoa roho, asiletwe kwenye mkeka wangu. Apelekwe hospitali ya Kidongo Chekundu au yoyote iliyo karibu, na apelekwe leo. Aibu ya kuonekana kwenye lango lile imeshawachelewesha wengi. Lakini hebu tujiulize aibu hiyo imetoka wapi, kama si kwa kuwa tumeacha uwanja mzima ulio baina ya "tulia" na lango la Kidongo Chekundu ukae mtupu? Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta Zanzibar watu 1,889,773. Hakuna idadi ya madaktari wa akili itakayowafikia wote hao wenye roho mkononi, wala haihitajiki. Kila kijiji tayari kina mtu aliyesomea kufundisha.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayapeleka vyuo vya ualimu, ambako nilitoka. Kila mwaka wanachuo hutoka kwenda mazoezi ya kufundisha, na kila mwaka wapo vijana wanaolijua somo lao barabara, lakini siku mkaguzi anapokaa nyuma ya darasa sauti yao hupotea na chaki huwaanguka. Mkaguzi huandika neno moja: "Hajiamini." Hilo ni ndugu wa "huna kitu". Kijana yule yule baadaye ndiye anayemkuta mtoto ametetemeka mbele ya ubao, na kwa kuwa naye hakufundishwa lolote ila kuona haya, humwita mzembe akamtafutia bakora.

Wafundisheni hao kwanza. Hapahitajiki jengo wala mfadhili wala mgeni rasmi. Vipindi sita kabla ya mazoezi ya kufundisha, jamvi moja, mkufunzi aliyekwisha kuyafanya mwenyewe kwa wiki nane, na daftari la mahudhurio. Na msinijibu kuwa ratiba imejaa. Vipindi sita vipo: ni vile wanachuo wanavyovipoteza wiki ya kwanza ya kila muhula, wamekaa chini ya miti wakingojea orodha ya madarasa ibandikwe.